Bw. Horace Uttley na Yatima Wake Mia Mbili na Kumi na Wanne

Wenzangu wapendwa wa maktaba kuu na matawi yote sita, hamjambo? Natumaini jarida hili linawakuta wazima, na kwamba mafua yaliyozunguka Februari yamekwisha kuwaachia pua zenu. Sisi hapa Skelbrough tu salama kwa neema ya Mungu, ila dari ya ngazi ya nyuma imeanza tena kuvuja na birika kubwa la chai limepata ufa. Bi. Catterall, mkuu wetu wa maktaba, ameniomba niandike wasifu wa mstaafu. Nilimwambia wapo waliosoma kunizidi. Akanijibu, "Waliosoma wataandika nusu ukurasa, Doreen. Wewe umefuta vumbi kwenye meza yake miaka kumi na tisa." Basi, mjumbe hauawi.

Ijumaa ijayo, tarehe 27 Machi 1987, saa kumi alasiri, Bw. Horace Uttley, mtunza santuri wetu, atafunga idara yake kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane na miezi miwili. Katika muda wote huo amekosa kazini siku mbili tu, mwaka 1963, theluji ilipoziba mlango wa nyumba yake, na hata hizo alizifidia wakati wa Krismasi bila kuombwa na mtu.

Alikuja kwetu Januari 1949 akitoka jeshini, ambako alikuwa akitunza ghala la viatu. Maktaba ilikuwa na santuri sitini, zile za zamani nzito, zinazovunjika kama sahani za udongo. Siku yake ya kwanza kazini, kabla ya saa nne asubuhi, Bw. Uttley aliketi juu ya mojawapo. Ilikuwa ya kwaya ya wanaume. Yeye mwenyewe husimulia kwamba ilitoa sauti moja tu, na haikuwa ya kwaya. Tangu siku hiyo hakukaa tena kitako ndani ya idara ile. Kwa miaka thelathini na minane amefanya kazi akiwa amesimama, na kiti alichopewa na halmashauri kingali kipya, na karatasi yake ya dukani bado iko chini.

Aliyewahi kujiunga na idara ya santuri analijua sharti lake. Huazimi mpaka ulete sindano ya gramafoni yako ikaguliwe. Watu walikuja nazo kwenye viberiti vilivyotiwa pamba, wakapanga foleni kama wapelekao vipimo hospitali. Bw. Uttley aliiweka sindano chini ya hadubini, akanyamaza kwa muda uliotosha mtu kukumbuka dhambi zake, kisha akatoa hukumu.

"Hii imechoka."

"Hii imekufa."

"Hii, mama, imeua."

Bi. Ivy Holroyd, aliyefundisha nusu ya mji huu kusoma, alitoka mle mwaka 1958 akilia, na viberiti vyake viwili mkononi. Wiki iliyofuata alirudi na sindano mpya, na mpaka leo ni mwazimaji wetu mwaminifu kuliko wote.

Kila santuri ina kadi yake. Upande mmoja wa kadi hugongwa mhuri wa tarehe ya kuazimwa, na upande wa pili umechorwa duara, ambamo kila mkwaruzo huchorwa kwa penseli nyekundu mahali pake hasa, ukiandikiwa sababu. Santuri ikirudi, huchunguzwa chini ya taa. Nakumbuka bwana mmoja wa kiwanda cha mazulia alipoirudisha yake. Bw. Uttley aliinusa ukingoni.

"Jumapili mlikula kondoo," akasema.

"Ng'ombe, bwana."

Akanusa tena. "Mna mnanaa hapa, na mnanaa ni wa kondoo."

"Ni mke wangu. Anapenda kuuweka."

"Mnanaa kwenye ng'ombe," alisema Bw. Uttley polepole, akiandika. Yule bwana alitoka amejiinamia, na nasikia walibadilisha mapishi.

Sasa nije kwa yatima.

Mnajua kwamba muziki wa okestra una majina makubwa, yale ambayo hata Kenneth mume wangu anayajua, naye ni fundi wa mabasi. Santuri za hao hazikai kwenye rafu. Lakini nchi hii, katika karne hii hii, imezaa pia watunzi wengi ambao hakuna anayewakumbuka: waliopiga kinanda makanisani, waliofundisha wasichana kuimba, waliotunga sinfonia nzima mezani jikoni kisha wakafariki. Wachache kati yao walirekodiwa mara moja. Hao ndio Bw. Uttley aliowakusanya, mmoja mmoja, kwa kuandikia maduka na wajane, mpaka wakafika mia mbili na kumi na wanne, rafu nzima ya ukuta wa mashariki. Sisi wafanyakazi tuliwaita yatima wake.

Yupo Cuthbert Nairn, aliyetunga sinfonia kuhusu mifereji. Alikuwa na bahati mbaya. Siku ilipopigwa mara ya kwanza umeme ulikatika, na waliokuwa ukumbini wakaona ni heri kuelekea mlangoni gizani kuliko kungoja taa irudi. Yupo Bi. Winifred Ashcombe, aliyetunga vipande saba vya fidla nne, vyote kuhusu mvua, kila kimoja mvua ya wilaya yake. Nilipokileta nyumbani cha nne, Kenneth alisikiliza kwa heshima dakika tano, kisha akauliza, "Mke wangu, hii si ndiyo iko nje bure?"

Nilikileta kwa sababu Bw. Uttley alituamuru. Yeye aliamini kwamba santuri isiyosikilizwa hufanya uyabisi kama goti la mzee. Kwa hiyo aliwapeleka yatima wake nje kwa zamu, kwa yeyote mwenye sindano halali: kwa wahudumu wa kantini, kwa mchungaji wetu, kwa mwanamke anayeuza samaki wa kukaanga. Uliporudisha hukuachiwa uende zako. Ulijibu kwanza maswali matatu. Ilianzaje? Ulikuwa unafanya nini ilipokwenda taratibu? Ungeiazima tena? Ukisema ilikuwa nzuri tu, alikungoja useme zaidi. Wengine tulijikuta tunasikiliza kwa bidii kwa kuogopa mtihani, na katikati ya kuogopa tukaanza kupenda. Mimi nilizoea za dansi tu na nyimbo za kanisani. Leo naweza kuitambua mvua ya Bi. Ashcombe ya kaskazini na ile ya pwani nikiwa nimefumba macho, na sioni haya kusema ya pwani inanitoa machozi.

Hata njiwa wa Kenneth walishuhudia. Kenneth hufuga njiwa wa mashindano, na anayecheza mchezo huo anajua kwamba ndege kufika nyumbani haitoshi. Lazima aingie bandani avuliwe pete ndipo saa isimame. Jumamosi moja njiwa wake bora alirudi kutoka ng'ambo wa kwanza wilaya nzima. Mimi nilikuwa jikoni na ile ya mvua ya nne, dirisha wazi. Ndege akatua juu ya paa, akainamisha kichwa, akabaki pale. Kenneth alimtikisia kopo la mahindi, akambembeleza, akamtaja kwa majina ambayo sitayaandika. Ndege hakushuka mpaka fidla ziliponyamaza. Kenneth akawa wa tisa.

"Na hilo jinamizi lako lirudi lilikotoka," aliniambia.

Nilipomsimulia Bw. Uttley alivua miwani, akaifuta, akaomba nirudie. Kisha akaandika pembeni mwa kadi: Njiwa, dakika kumi na moja. Alisema hakuna gazeti lililowahi kumsifu Bi. Ashcombe kiasi hicho.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Januari mwaka huu, halmashauri ilipotuletea waraka. Rafu zinahitajika kwa ajili ya zile sahani ndogo mpya za muziki zinazong'aa. Santuri yoyote ambayo kadi yake haina tarehe ya kuazimwa ndani ya miaka mitano iondolewe ifikapo mwisho wa Machi, iuzwe kwa fungu.

Sote tulimhofia Bw. Uttley. Yeye hakujali hata kidogo. Alimkaribisha Bi. Catterall na orodha yake kama mtu anayekaribisha wageni kwenye nyumba iliyodekiwa. Kadi ya Nairn ilikuwa na mihuri minne. Za Ashcombe zilijaa, na njiwa wake. Moja baada ya nyingine, mia mbili na kumi na tatu zikapita. Mimi nilikuwa nafuta sakafu karibu na dirisha na nikamshukuru Mungu mapema mno.

"Imebaki moja," alisema Bi. Catterall. "Pellow, Aubrey. Konseto ya fidla kubwa. Haipo rafuni."

Bw. Uttley alikwenda kwenye kabati la chuma, akalifungua kwa ufunguo anaouvaa shingoni, akafunua kitambaa cha flana, akaileta.

Hii niwaeleze. Aubrey Pellow alipiga kinanda katika kanisa la kijiji miaka arobaini. Konseto yake ilirekodiwa mara moja, kwa michango ya marafiki, nakala tisini na tisa tu, maana ya mia ingeleta kodi. Bw. Uttley ameandikia maktaba kumi na moja na mpwa wa marehemu. Hakuna aliye na nyingine. Hiyo ndiyo santuri anayoipenda kuliko zote. Kila tarehe tisa Novemba, siku aliyozaliwa Pellow, hufunga mlango wakati wa chakula cha mchana na kuipiga, peke yake, akiwa amesimama. Mimi kila tarehe tisa Novemba nimesugua ukumbi wa nje ya mlango ule, na ukumbi ule haukuwa mchafu. Huanza na fidla kubwa inayonung'unika kama mzee anayetafuta miwani yake nyumbani, anayejua kabisa ipo, na polepole okestra nzima inainama kumsaidia, chini ya viti, nyuma ya pazia. Mwaka 1974 niliomba kuiazima. Alinikataa. Alisema sindano yangu ni kama msumari wa kiatu. Nilisema si kitu. Kilikuwa kitu.

Bi. Catterall aliigeuza kadi huku na huku.

"Bw. Uttley, hii haina hata tarehe moja."

"Naam, mama. Ni kadi safi kuliko zote mjini."

"Hakuna anayeitaka?"

"Wameitaka watu arobaini na mmoja."

"Wamepewa wangapi?"

Bw. Uttley aliitazama hadubini yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Kisha akatoa daftari akasoma, kwa sauti iliyozidi kushuka. Wa kwanza, sindano chakavu. Wa pili, mtoto anayetambaa. Wa tatu, anaishi karibu na reli. Wa nne, anapiga chafya. Wa tano, hakujibu vizuri kuhusu Nairn. Alipofika wa kumi na mbili alifunga daftari.

"Kizuri chajiuza, bwana," Bi. Catterall alisema taratibu.

"Kikiwekwa nje, mama," alijibu Bw. Uttley, na nadhani ndipo aliposikia mwenyewe alichosema.

Bi. Catterall si mtu mbaya. Huimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu, na huwa hawahi wala hachelewi. Alimshika mkono, akamwita Horace, jina ambalo sikuwahi kulisikia mle ndani. "Horace, sheria sikuitunga mimi. Isipotoka mkononi mwa msomaji kabla ya mwisho wa Machi, itatoka mlango wa nyuma na fungu la santuri za mazoezi ya viungo. Na wewe huwezi kujiazima. Mtu wa idara haruhusiwi."

Ndugu zangu, nimemwona Bw. Uttley akizika mke. Sijamwona na uso kama ule wa siku hiyo. Wale wote aliowatuma mbio mjini kwenye mabegi ya watu, na mchuzi na njiwa, walikuwa salama. Aliyemfungia ndani kwa upendo ndiye aliyekuwa anakwenda kuuzwa.

Akaanza kutafuta mwazimaji. Aliwaandikia wote arobaini na mmoja. Kumi na wanne walikuwa wamekwisha kufariki, wawili wamehamia Kanada, na mmoja alijibu kwamba amengoja tangu mwaka 1959 na sasa haoni sababu ya kuharakisha. Bi. Holroyd alikuja mwenyewe na kiberiti chake. Sindano ilikuwa kamili kabisa. Tukashusha pumzi.

"Paka wako analala wapi siku hizi, Bi. Holroyd?"

"Anapopenda, Bw. Uttley."

"Juu ya gramafoni?"

"Kuna vuguvugu pale. Lakini naweza kumwomba."

"Anasikia akiombwa?"

"Hapana," alisema Bi. Holroyd, kwa sababu ni mwanamke mkweli.

Ilipofika Februari ishirini na tano Bw. Uttley aligeuka, akaniona na ndoo yangu. Mimi nilikuwa wa kumi na saba daftarini.

"Bi. Lumb, mnatumia sindano gani sasa?"

"Mpya. Kenneth alininunulia siku yangu ya kuzaliwa."

"Sakafu?"

"Mbao."

Akafumba macho. "Nitakuja Alhamisi," alisema.

Alikuja Alhamisi na hadubini ndani ya begi la mkono, na pimamaji ya fundi mwashi, ile yenye kiputo cha hewa. Sindano ikapita. Meza ikashindwa. Nyumba zetu zimejengwa mlimani na zote zimelala upande mmoja. Sisi wenyewe tumezoea, hata supu zetu zimezoea. Kenneth aliweka kitabu cha nyimbo chini ya mguu wa meza. Haikutosha. Akaweka cha pili. Ikazidi. Mwishowe tulitumia kitabu kimoja cha nyimbo na ratiba ya mabasi ya majira ya baridi, na kiputo kikatulia katikati.

"Asitembee mtu wakati inapiga," alisema Bw. Uttley.

"Nikitaka kukohoa je?" Kenneth aliuliza.

"Kohoa kabla."

"Na kupumua, mzee?"

"Kwa kiasi."

Kenneth alinitazama kuona kama huyu bwana anatania. Sikumsaidia, maana sikujua.

Jumatatu, tarehe 2 Machi, Bw. Uttley aligonga mhuri wa kwanza kwenye kadi ile. Tarehe ilitoka imelala, kama nyumba zetu. Aliniwekea santuri mikononi, hakuiachia mara moja, tukawa tumeishika sote wawili kwa muda, halafu akaiachia. Nilipanda nayo basi nikiwa nimeifunga kwenye blanketi, na mama mmoja alinipisha kiti akaniuliza ana umri gani.

Tuliipiga Jumamosi saa nane mchana. Nilikuwa nimevua viatu. Kenneth nilimketisha kwenye kiti cha mkono na kumwambia asiguse chochote, naye kabla ya yule mzee kuanza kutafuta miwani yake alikuwa amelala. Mimi nilisikiliza. Miaka kumi na tisa nimeisikia kupitia mlango, na sikujua kwamba mlango ulikuwa umenificha zumari. Lipo zumari moja mle, dogo, linalojibu kila fidla inapouliza. Nilikuwa nimeketi na dasta mkononi jikoni kwangu mwenyewe na nikaona Mungu amenitendea wema usio na sababu.

Ile sehemu ya pili, ya taratibu, hufika mahali ambapo vyombo vyote hunyamaza. Haijaisha, imenyamaza tu. Nami, kwa kujaa moyo, nikasema, "Amina."

Kenneth ni mtu wa kanisani tangu utoto. Amelala kwenye mahubiri ya wachungaji saba, na mwili wake umejifunza jambo moja: ukisikia Amina, simama, ni wimbo wa mwisho. Akasimama. Macho yamefumba, kilo mia moja na tatu, miguu yote miwili kwa pamoja kwenye sakafu ya mbao. Meza ikaruka, ratiba ya mabasi ikachomoka, na sindano ikapita juu ya Aubrey Pellow kwa sauti ambayo bado naisikia nikiosha vyombo.

"Namba ngapi?" aliuliza Kenneth, akitafuta kitabu.

Jumapili sikula. Niliomba, lakini sikujua niombe nini, maana Mungu harudishi santuri kama ilivyokuwa. Kenneth alijitolea kwenda kusema ni yeye. Nilimwambia jina kwenye kadi ni langu. Jumatatu nilifika kazini saa moja kabla ya kufungua. Bw. Uttley alikuwa tayari pale, amesimama, taa imewashwa.

Aliitoa kwenye jalada, akaiinamisha chini ya mwanga, akaizungusha. Ilipofika penye mkwaruzo ikasimama.

"Milimita nne," alisema.

"Bw. Uttley, mimi..."

"Sababu?"

Nikamweleza yote, mpaka ratiba ya mabasi. Alisikiliza bila kupepesa. Akachonga penseli nyekundu. Ile kadi safi akaigeuza, na ndani ya duara akachora mstari mdogo, akaandika kando yake: Amina. Kisha akaiweka santuri kwenye mashine yake na kushusha sindano karibu na pale. Fidla ikaja, kimya kikaja, na ndani ya kimya tukasikia kishindo kidogo, kama mtu aliyedondosha kijiko chumba cha pili. Halafu zumari likaendelea kama kwamba halikusikia.

"Mwambie Kenneth alisimama mapema," alisema Bw. Uttley. "Zilibaki dakika sita."

"Nitamwambia."

"Ilianzaje, Bi. Lumb?"

Nikamweleza habari ya miwani na mzee. Alitikisa kichwa; alisema yeye siku zote alidhani ni funguo. Akaniuliza nilikuwa nafanya nini ilipokwenda taratibu, nikasema hilo analo kwenye kadi. Akafika swali la tatu, ungeiazima tena. Nilisema ndiyo, hata leo, akitaka. Alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

Hakuirudisha kwenye kabati la chuma. Aliipeleka ukuta wa mashariki, akawasogeza wengine, akaipachika baina ya Nairn na mvua za Bi. Ashcombe, mahali ambapo mkono wa mtu yeyote unafika. Jioni hiyo Bi. Holroyd aliichukua. Bw. Uttley alimgongea mhuri bila kuuliza habari za paka, ingawa niliona alivyoumia.

Kwa hiyo Bi. Catterall amemaliza orodha yake, na yatima wote mia mbili na kumi na wanne wamebaki. Lakini halmashauri imesema hesabu itarudiwa kila mwaka, na baada ya Ijumaa hatakuwepo tena mtu wa kumtilia begini mwuza samaki sinfonia ya mifereji. Tulimwuliza Bw. Uttley anataka zawadi gani ya kustaafu. Bi. Catterall alipendekeza saa ya mezani. Alisema saa anayo. Tukapendekeza kiti. Alitutazama tu. Mwishowe alisema, kama haitatusumbua, angependa kila mfanyakazi wa matawi yote, tuko hamsini na watatu, aazime yatima mmoja, na asikilize mpaka mwisho. Sindano hatazikagua. Hilo alilisema akitazama dirishani.

Bw. Uttley, kwa niaba ya wote uliotusimamisha foleni na viberiti, asante. Asante kwa masikio uliyotupa, maana tulikuja kwako na masikio ya kuning'iniza hereni tu. Bwana akujalie uzee mwepesi, jirani wasiopiga nyundo, chai ya moto na siku ndefu za kusikiliza ukiwa umeketi. Maisha yako yaliyobaki yawe mema, nasi tutakuwa tunakuja kubisha hodi.

Nanyi wenzangu, orodha ya majina yote nimeiambatisha nyuma ya jarida. Chagueni mmoja, msiangalie sana jina. Gari la matawi linapita Jumatano, kwa hiyo nawaomba mnijibu upesi, kabla ya siku hiyo, mniambie nani anamchukua yupi.

Wenu katika kazi na katika imani,
Doreen Lumb, usafi na chai, maktaba kuu